Daktari Naye ni Mwanafunzi



Juma lililopita nilikaa kwenye benchi la zahanati moja ya mjini nikisubiri zamu yangu. Ukutani ilitundikwa shahada ya daktari, karatasi imeshageuka rangi. Nikahesabu miaka: 31. Nikajiuliza, tangu siku ile dawa ngapi zimezaliwa, na ngapi zimekufa? Na habari hizo daktari wetu amezipata kwa nani?

Swali hilo lina historia ndefu, hasa kule Marekani. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kukagua vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingi alivikuta havifai, na katika miaka iliyofuata vingi vilifungwa. Lakini Flexner alilinda mlango wa kuingilia tu. Aliyekwisha kupita, elimu yake ya baadaye aliachiwa mwenyewe.

Mwaka 1968 Chama cha Madaktari cha Marekani kilianza kuwatunuku madaktari waliorudi kusoma kwa hiari yao. Mwaka 1971 jimbo la New Mexico likaigeuza hiari kuwa sheria: asiyesoma hahuishiwi leseni. Majimbo mengine mengi yakafuata.

Basi saa za masomo zikawa bidhaa, na penye bidhaa wachuuzi hawakosi. Ndiyo maana mwaka 1981 liliundwa baraza la kutoa ithibati, yaani kumkagua si daktari bali yule anayemfundisha. Mwaka 1992 baraza hilo likaweka kanuni juu ya fedha za kampuni za dawa, kwa kuwa kampuni hizo ndizo zilizokuwa zikigharimia sehemu kubwa ya mikutano ya masomo. Hesabu yao ni nyepesi: ukimpata daktari mmoja, umewapata wagonjwa wake wote.

Kanuni peke yake haikutosha. Dawa iitwayo Neurontin iliruhusiwa Marekani mwaka 1993 kwa wagonjwa wa kifafa. Kampuni yake, Warner-Lambert, ikaitangaza kwa maradhi mengine ambayo haikuruhusiwa, na njia mojawapo ilikuwa mikutano iliyoitwa masomo huru, huku kampuni yenyewe ikiwa na mkono katika kuchagua mada na wasemaji. Mwaka 2004 ilikiri kosa, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 430. Mwaka huohuo baraza likakaza kanuni zake: mwenye dawa asipange somo. Mwaka 2020 likazikaza tena.

Wasikilizaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumlazimisha daktari asome ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua nani amemfundisha, na nani amelipa chai ya mkutano. Kenya na Tanzania nazo sasa humtaka daktari aonyeshe alama za mafunzo endelevu anapohuisha leseni. Ni jambo jema. Lakini alama huhesabu saa alizokaa darasani. Haziwezi kutuambia kama aliyesimama mbele yake alikuwa mwalimu au mchuuzi.

Zamu yangu ilipofika, daktari aliniandikia dawa kwa kalamu yenye jina la dawa. Jina lilikuwa lilelile aliloliandika kwenye karatasi yangu. Huenda ndiyo iliyonifaa. Sikumwuliza, na sasa najuta. Wewe ukienda, uliza.

Kwaherini, hadi juma lijalo.