Asili ya Ugaidi na Dawa Yake

Vita vina uwanja wake, na askari hujua adui yake yuko upande gani. Ugaidi hauna uwanja. Hushambulia soko, basi, shule na nyumba ya ibada, na huwaua wasio na silaha ili waliobaki hai watishike. Kwa hiyo aliyekufa siye shabaha ya mwisho ya gaidi. Shabaha ni yule aliye hai, ambaye hutakiwa amwogope jirani yake na aisukume serikali yake kutenda jambo la hasira. Jamii iliyoufahamu ukweli huu imekwisha kupata nusu ya dawa. Nusu iliyobaki ni ngumu zaidi, nayo ni kutenda sawasawa na ufahamu huo wakati moyo unapowaka. Historia ya Kenya tangu 1998 ni shule ya mambo haya mawili, na mafunzo yake yamenunuliwa kwa damu.

Siku ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, mabomu yaliyopakiwa katika magari yalilipuka karibu wakati mmoja kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam 11. Waliojeruhiwa walipita 4,000. Ugomvi ulikuwa wa Al-Qaida na Marekani, lakini Wamarekani waliouawa walikuwa 12 tu. Wengi wa waliosalia walikuwa Wakenya waliokwenda kazini au waliopita njia. Jengo lililokuwa jirani ya ubalozi, ambamo vijana walijifunza kazi ya ukarani, lilianguka lote. Wala wafu hao wala jamaa zao hawakuwa na neno katika ugomvi huo.

Watu wakiulizwa asili ya maovu ya namna hii, aghalabu hujibu kwa neno moja. Mmoja husema ni umaskini, wa pili husema ni dini, wa tatu husema ni uovu wa moyo. Kila mmoja ameshika kipande na kukiita kitu kizima. Umaskini peke yake hautoshi, kwani miongoni mwa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, na kuua watu 148, alikuwamo mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu wa serikali. Dini peke yake haitoshi vilevile, kwani katika Somalia Waislamu ndio waliouawa kwa wingi na Al-Shabaab, kundi lililotenda uovu huo wa Garissa. Na uovu wa moyo upo kila mahali na kila zama, ilhali ugaidi haupo kila mahali wala kila zama. Moto hauwaki kwa kitu kimoja. Hutaka kuni kavu, kaa lenye uhai, na mkono wa kulitia kaa katika kuni.

Kuni zilianza kukauka zamani. Mwaka 1962 tume iliyowekwa na Waingereza ilikuta kwamba Wasomali wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Maoni yao yalisikizwa, kisha yakawekwa kando. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 vita vya shifta vilikuwa vimekwisha kuanza, navyo viliendelea hadi 1967. Vita vilikoma, lakini sheria zake hazikukoma pamoja navyo. Hali ya hatari ilidumu kaskazini hadi 1991, na sheria iliyopitishwa 1970 ilizuia maofisa wasishitakiwe kwa waliyoyatenda huko wakati wa vita. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura hutaja idadi iliyo kubwa mara nyingi kuliko hiyo. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi mbele ya Bunge kwa makosa ya serikali zilizopita mnamo Machi 26, 2015, miaka thelathini na mmoja baada ya Wagalla. Wiki moja baadaye chuo cha Garissa kilishambuliwa. Radhi iliyochelewa hivyo haiwezi kufanya kazi ya miaka katika siku saba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uliachwa wazi kwa nusu karne.

Kaa la moto lilitoka ng'ambo ya mpaka. Serikali ya Somalia ilianguka 1991, na raia wakaachwa chini ya wenye bunduki. Mwaka 2006 muungano wa mahakama za Kiislamu uliitwaa Mogadishu, na mwishoni mwa mwaka huo huo majeshi ya Ethiopia yakaingia kuuondoa. Al-Shabaab, ambao walikuwa kundi la vijana ndani ya muungano huo, walijikuza kwa kujiita watetezi wa nchi dhidi ya mgeni. Kenya nayo ilipeleka majeshi yake Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara katika pwani ya Lamu na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, na kundi likapata kisingizio kipya. Septemba 21, 2013, lilivamia jengo la maduka la Westgate mjini Nairobi, na watu 67 wakauawa.

Walakini kuni na kaa havikutani vyenyewe. Maelfu ya watu wa Wajir, Garissa na Mandera walipata mateso yale yale, wakazika jamaa zao, wala hawakushika bunduki dhidi ya mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyo kueleza chanzo si kutoa udhuru. Aliyechagua kuua hubeba dhambi yake mwenyewe, na aliyeacha kuni zikauka uani hubeba ya kwake, nayo ni dhambi nyingine. Jamii ikizichanganya hesabu hizi mbili, ama itamsamehe muuaji kwa sababu ya historia, ama itawaadhibu watu wote wenye historia hiyo kwa sababu ya muuaji.

Kosa hili la pili lilitendeka 2014. Machi 31 milipuko katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, iliua watu sita. Siku chache baadaye polisi walianza msako ulioitwa Usalama Watch. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwachunguza. Raia wa Kenya walichukuliwa pamoja na wakimbizi, na walikuwapo walionunua uhuru wao kwa rushwa. Basi fedha ikawa ndiyo ungo: mwenye nayo alipita na asiye nayo alibaki, ambapo gaidi wa kweli, kama alikuwamo, hangekosa fedha. Waswahili husema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hii ni ya tengani na hekima yake ni ya mvuvi. Ikipelekwa kituo cha polisi hugeuka dhuluma, kwa kuwa mtu haozi kwa kukaa karibu na mwenziwe wala kwa kuzaliwa katika ukoo wake.

Hasara ya kuchagua watu kwa kabila au dini ilionekana wazi katika mabasi mawili. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa alfajiri na Al-Shabaab. Abiria walitengwa, Waislamu upande huu na wasio Waislamu upande ule, na 28 wasio Waislamu wakauawa. Walimu walikuwa wengi miongoni mwao, wakisafiri kwenda makwao likizoni. Mwaka mmoja ulipita. Desemba 21, 2015, basi jingine lililokwenda Mandera lilisimamishwa na watu wa kundi lile lile, nao wakatoa amri ile ile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Wanawake waliwapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na wauaji wakaambiwa wawaue wote pamoja au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini mauaji ya halaiki yaliyokusudiwa hayakutimia. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki Januari 2016.

Abiria wale hawakuwa na silaha wala mamlaka. Walikuwa na jambo moja, nalo ni kutokubali hesabu ya gaidi, ambayo huwagawa watu kwanza ndipo ipate kuwaua. Dola yenye majeshi, mahabusu na mahakama haina udhuru wa kushindwa na abiria wa basi.

Haya hayana maana kwamba gaidi atashindwa kwa hotuba. Lazima mipaka ilindwe, habari zichunguzwe, na mwenye bunduki akabiliwe kwa bunduki. Lakini nguvu yahitaji mpaka, na mpaka wake ni sheria. Wanne walioshitakiwa New York kwa milipuko ya 1998 walipewa mawakili, mashahidi wakasikizwa hadharani, na 2001 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Februari 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha vifungu vinane vya sheria mpya ya usalama vilivyovunja Katiba, na nchi haikuanguka. Oktoba 2020 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani watu wawili katika kesi ya Westgate na kumwachilia wa tatu. Siku iliyofuata aliyeachiliwa alitekwa njiani na watu wenye silaha, akatoweka. Yeyote waliyekuwa watekaji, tendo lao liliuvunja mpaka ambao hukumu ilikuwa imeuonyesha.

Mipaka hiyo si anasa ya wakati wa amani. Baba wa yule mhitimu wa sheria alikuwa amewaarifu wenye mamlaka, kabla ya shambulio la Garissa, kwamba mwanawe ametoweka. Hapana dola iliyo na mpelelezi bora kuliko mzazi wa namna hiyo, maana ndiye wa kwanza kuiona nafasi tupu nyumbani. Lakini mzazi hatakwenda kituoni ikiwa anajua kwamba watoto wake waliobaki watakamatwa kwa jina la aliyepotea, au kwamba mwana huyo akipatikana hatafikishwa mbele ya hakimu. Kila uonevu utendwao juu ya wasio na hatia humfunga mdomo baba mmoja, na katika kimya chake gaidi hupata siku moja zaidi ya kujiandaa.