Sisimizi Shambani: Harufu Inavyotumika Kuwadhibiti

Msikilizaji, ukiona msafara wa sisimizi ukipanda mchungwa au mkahawa wako, ufuate hadi juu. Mara nyingi utakuta vidukari, vidung'ata au vidugamba wakifyonza utomvu. Wadudu hao hutoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyapenda, kwa hiyo huwalinda na kuwafukuza wadudu rafiki wanaowala. Majimaji yanayobaki juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi, na mti hudhoofu.

Feromoni ni nini?

Sisimizi wengi hutegemea harufu kuliko macho. Aliyepata chakula hurudi kiotani huku akiacha chini alama ya kemikali iitwayo feromoni. Wenzake huinusa kwa vipapasio na kuifuata. Kila anayekuta chakula huongeza alama yake. Chakula kikiisha hakuna anayeongeza, harufu hupotea hewani na njia inakufa. Mwaka 1971, wanasayansi nchini Marekani walitambua kemikali ya njia ya sisimizi wakata majani wa Texas. Kiasi kidogo mno cha kemikali hiyo chatosha kuchora njia ndefu sana.

Inatumikaje?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuwapoteza: harufu husambazwa kila mahali, sisimizi wakashindwa kutambua njia ya kweli. Imejaribiwa kwa sisimizi wa Argentina, wanaosumbua machungwa California na mizabibu Afrika Kusini. Kasoro yake ni kwamba haiwaui. Harufu ikiisha, wanarudi.

Ya pili ni kuwaita. Feromoni huongezwa kwenye chambo chenye sumu kidogo inayofanya kazi polepole. Sisimizi hukibeba hadi kiotani na kumlisha malkia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, wameona kuwa chambo chenye feromoni huvuta sisimizi wengi zaidi. Dawa ya kunyunyiza huua walio nje tu, pamoja na nyuki, huku malkia akiendelea kutaga chini ya ardhi.

Wewe ufanye nini?

Pogoa matawi yanayogusa ardhi na palilia magugu yanayoegemea mti, ili sisimizi wabaki na njia moja tu, yaani shina. Kisha shughulikia wadudu wanaofyonza, maana ndio wanaowaita.

Lakini usiwaue sisimizi wote. Majimoto, wale wanaoshona majani kuwa viota, hulinda minazi na mikorosho dhidi ya wadudu wanaoharibu matunda machanga. Utafiti uliofanyika Benin ulionyesha kuwa nzi wa matunda hutaga mayai machache kwenye maembe yaliyoachwa alama za majimoto. Hapo harufu ya sisimizi ndiyo askari wa shamba.

Kabla ya kununua dawa, weka sisimizi wachache kwenye chupa na umpelekee afisa ugani akutambulie kama ni adui au mlinzi.