Ruzuku ya ushirikiano wa wasanii na waandaaji wa maonyesho

'''Ruzuku ya ushirikiano wa wasanii na waandaaji wa maonyesho''' ni fedha isiyorudishwa inayotolewa na mfadhili ili msanii, au kikundi cha wasanii, kishirikiane na mwandaaji kutengeneza kazi ya sanaa na kuifikisha mbele ya watazamaji. Mwandaaji anaweza kuwa ukumbi wa maigizo, tamasha, chuo kikuu, jumba la makumbusho au kituo cha utamaduni cha mtaa.

Ruzuku hii inatofautiana na ile ya msanii binafsi kwa kuwa huhitaji pande mbili zilizokubaliana: mmoja ana kazi, mwingine ana jukwaa. Mfumo huu umekua hasa nchini [[Marekani]], ambako hakuna wizara ya utamaduni na fedha za sanaa hutoka serikalini, katika taasisi binafsi za hisani na kwa watu wanaochangia.

== Historia ==
Mwaka 1965 Rais [[Lyndon B. Johnson]] alitia saini sheria iliyounda National Endowment for the Arts (NEA), shirika la serikali kuu linalotoa ruzuku za sanaa. Asilimia 40 ya fedha zake za ruzuku hupitia katika mabaraza ya sanaa ya majimbo na mashirika sita ya kanda. Mojawapo ni New England Foundation for the Arts (NEFA), lililoanzishwa mwaka 1976 na kuhudumia majimbo sita ya kaskazini-mashariki.

Mwaka 1985 mtandao wa National Performance Network (NPN) ulianzishwa na David White, aliyekuwa kiongozi wa Dance Theater Workshop mjini [[New York]]. Tatizo lililokusudiwa kutatuliwa lilikuwa la upweke wa wasanii: kazi mpya ilioneshwa mji mmoja kwa siku chache, kisha ikaishia hapo kwa kukosa nauli na mwenyeji mahali pengine. Makao ya mtandao huo yalihamia baadaye [[New Orleans]].

Kuanzia mwaka 1989 kulizuka mabishano makali bungeni kuhusu kazi zilizodaiwa kuvunja maadili huku zikilipiwa na kodi ya wananchi. Mwaka 1990 wasanii wanne wa jukwaani walinyimwa ruzuku za NEA. Kesi iliyofuata ilifika [[Mahakama Kuu ya Marekani|Mahakama ya Juu]], ambayo mwaka 1998 iliamua kwamba NEA inaweza kuzingatia viwango vya staha inapopima maombi. Wakati huohuo bajeti ya NEA ilishuka kutoka dola milioni 162 mwaka 1995 hadi takriban dola milioni 99 mwaka 1996, na bunge likafuta karibu ruzuku zote za wasanii binafsi, isipokuwa za waandishi na tuzo chache za heshima.

Matokeo yake ni kwamba msanii wa dansi au maigizo aliyetaka fedha za NEA alilazimika kupitia shirika. Ushirikiano na mwandaaji, ambao zamani ulikuwa hiari, ukawa njia kuu. Mwaka 1996 NEFA ilianzisha National Dance Project, mpango wa kusaidia utengenezaji wa dansi mpya na ziara zake nchini.

== Jinsi inavyofanya kazi ==
Ruzuku hizi hugawanyika katika aina tatu:
* '''Ruzuku ya uundaji''': hulipia utungaji na mazoezi. Katika mfuko wa uundaji wa NPN, kazi hudhaminiwa na waandaaji wasiopungua wawili, hivyo huwa na majukwaa zaidi ya moja kabla haijakamilika.
* '''Ruzuku ya ziara''': hulipa sehemu ya ujira wa msanii, na mwandaaji hulipa iliyobaki.
* '''Ruzuku ya ukaazi''': msanii hukaa mahali kwa siku kadhaa, akifundisha na kukutana na wakazi mbali na kuonesha kazi yake.

Masharti ya kawaida ni mchango wa kulinganisha. NEA, kwa mfano, hudai kwamba kila dola yake ikutane na dola nyingine kutoka kwingine. Tuseme kikundi kinatoza dola 10,000 na ruzuku inalipa nusu; mwandaaji atatafuta dola 5,000, na bado atagharimia ukumbi, mafundi wa taa na matangazo.

== Faida na ukosoaji ==
Kwa msanii, faida kubwa ni mkataba wenye ujira unaojulikana mapema. Kwa mwandaaji wa mji mdogo, ruzuku hupunguza hasara anapomleta msanii ambaye watazamaji wake hawajamzoea.

Wakosoaji husema kwamba mwandaaji ndiye anayeshika mlango: msanii asiyejulikana na kumbi hawezi hata kuomba. Mchango wa kulinganisha nao huwafaa zaidi wenye wafadhili tayari. Udhaifu mwingine ulionekana wakati wa [[UVIKO-19]] mwaka 2020, maonyesho yalipofutwa. Mikataba mingi ilikuwa na kifungu cha majanga yasiyozuilika, kilichomwondolea mwandaaji wajibu wa kulipa, na wasanii wakabeba hasara ya miezi ya mazoezi. Mei 2025 mashirika mengi yalijulishwa na NEA kwamba ruzuku zao zimesitishwa, mengine yakiwa yameanza kutumia fedha.

== Afrika Mashariki ==
Mfano wa karibu wa utegemezi huu ni tamasha la [[Sauti za Busara]], linalofanyika [[Zanzibar]] katika Ngome Kongwe tangu mwaka 2004. Kwa kuwa mapato ya tiketi hayatoshi kulipia wasanii, tamasha hilo limetegemea pia ruzuku za wafadhili. Tamasha la mwaka 2016 halikufanyika kwa upungufu wa fedha. Lilirudi Februari 2017. Mwandaaji anapokosa fedha, wasanii nao hukosa jukwaa la mwaka huo.

== Tazama pia ==
* [[Ruzuku]]
* [[Sanaa za maonyesho]]
* [[Sauti za Busara]]