Mgeni wa Nahodha Whitfield

Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kando ya bahari, uko mji mdogo uitwao Fairhaven. Jimbo hilo si geni sana kwetu kama udhaniavyo, msomaji, kwani ndiko zilikotoka merikebu zilizoleta Unguja kile kitambaa ambacho wazee wetu walikiita merikani. Walakini Fairhaven yenyewe haikuishi kwa kitambaa, bali kwa nyangumi. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1987 mji huo ulipata wageni wakubwa: Akihito, mrithi wa kiti cha enzi cha Japani, pamoja na mkewe Michiko. Mwaka huohuo Fairhaven ilifunga udugu na mji wa Tosashimizu, ulio kusini mwa kisiwa cha Shikoku. Huenda ukauliza, mwana wa mfalme alifuata nini katika mji mdogo namna ile? Jibu lake latutaka turudi nyuma karibu miaka mia moja na hamsini.

Mwezi wa Januari 1841 wavuvi watano wa nchi ya Tosa walitweka tanga wakaenda kuvua. Mdogo wao aliitwa Manjiro, kijana wa miaka kumi na minne, aliyekuwa amefiwa na baba. Dhoruba ikawachukua mbali, ikawatupa Torishima, kisiwa kisicho na mtu, wakaishi huko karibu miezi mitano kwa nyama ya ndege wa baharini na maji ya mvua. Mwezi wa Juni merikebu ya kuvua nyangumi iitwayo John Howland ikapita, na nahodha wake, William Whitfield, akawapakia.

Ndipo pakazuka shida. Japani ya siku zile ilikuwa imefunga milango yake. Merikebu ngeni iliyokaribia pwani yaweza kupigwa mizinga, na mwenyeji aliyetoka nchini kisha akarudi alihofia kuuawa. Hivyo nahodha akawapeleka Honolulu. Wanne wakabaki huko. Manjiro, kwa hiari yake, akafuatana naye, na mwaka wa 1843 wakafika Fairhaven.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Whitfield alimpa jembe kweli, maana alikuwa na shamba. Lakini alimpa na kalamu. Manjiro akatiwa shuleni, akajifunza Kiingereza, hesabu, na elimu ya kuongoza merikebu. Akajifunza pia kazi ya kuunda mapipa.

Lakini kulisha mgeni na kumsomesha ni kazi nyepesi. Siku moja nahodha alimpeleka kanisani kwake, akamketisha pamoja na jamaa yake. Akaambiwa kwamba kijana yule hafai kukaa pale, na akae mahali walipotengewa watu weusi. Whitfield akalihama kanisa lile, na hakutulia mpaka alipopata jingine lililokubali wakae pamoja. Wasimulizi wengi humsifu nahodha hapa, kisha hupita haraka. Mimi sipiti haraka, kwa kuwa habari hii haituambii waliokuwa wakikaa kila Jumapili mahali pale palipotengwa walisema nini walipoona mgeni mmoja akitetewa hivyo.

Manjiro alivua nyangumi, akachimba dhahabu California, na mwaka wa 1851 akarudi kwao kwa hatari ya roho yake. Alihojiwa na wakubwa mbalimbali, na ni mwaka wa 1852 ndipo alipomwona mama yake. Mwaka wa 1853 manowari nne za Kimarekani chini ya Matthew Perry zilipotia nanga karibu na Edo, mtu aliyewajua Wamarekani alitafutwa upesi. Mwana wa mvuvi akapewa cheo cha samurai. Hata hivyo hakuruhusiwa kukaa mbele ya Perry kama mkalimani, maana wengine walimshuku, wakihofu kwamba moyo wake uko kwa wale waliomlea. Mwaka wa 1870, akiwa safarini kwenda Ulaya, alipita Fairhaven akamwona tena nahodha wake, sasa mzee.

Mwaka wa 1918, tarehe 4 Julai, mwanawe Manjiro aliyekuwa daktari aliupa mji ule upanga wa kale kwa shukrani. Balozi wa Japani aliuleta mwenyewe, ukawekwa katika maktaba. Mwaka wa 1933 daktari huyo alipokea barua kutoka kwa Rais Franklin Roosevelt, ambaye alikumbuka jinsi babu yake mzaa mama, mtu wa Fairhaven, alivyokuwa akimsimulia habari za yule kijana wa Kijapani.

Nakuomba usisahau barua ile, msomaji. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia Pearl Harbor. Miezi miwili baadaye, Februari 1942, Roosevelt yuleyule alitia sahihi amri ambayo kwayo watu kama 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, waliondolewa makwao wakafungiwa kambini. Alikuwa amesikia hadithi njema tangu utotoni, na bado alitia sahihi. Katika Fairhaven vijana walikwenda vitani, wala upanga wa Manjiro haukuondolewa maktabani. Ulikuja kuondoka mwaka wa 1977, tena kwa mkono wa mwizi. Baadaye mwingine ukaletwa kutoka Japani.

Nyumba ya nahodha, ambamo kijana yule alilala alipofika mara ya kwanza, ilichakaa mno. Daktari mzee wa Kijapani, Shigeaki Hinohara, aliwachangisha watu wa kwao fedha, ikanunuliwa, ikatengenezwa, na mwaka wa 2009 ikakabidhiwa mji. Leo mgeni atokaye Tosashimizu aweza kuingia katika nyumba ileile, nayo imekarabatiwa kwa fedha za wageni.