Mpira, Karo na Jembe: Historia Iliyo Chini ya Kilima cha Old Kampala

Anayepanda ngazi 304 za mnara wa Msikiti wa Taifa, Old Kampala, huiona Kampala yote kwa kuzungusha shingo mara moja. Namirembe ya Waanglikana iko jirani, Rubaga ya Wakatoliki haiko mbali nayo, Kibuli ya Waislamu iko ng'ambo ya bonde, Makerere iko upande wa kaskazini. Chini kabisa, katikati ya vurugu za stendi za teksi na soko la Owino, kuna uwanja wa Nakivubo. Wageni wanaoletwa hapa huelezwa habari za ngome ya Wazungu na za msikiti wenyewe, ulioanza kujengwa enzi za Idi Amin na kufunguliwa mwaka 2008 kwa fedha za Libya. Ni habari nzuri. Lakini kutoka juu ya mnara huo huo inaonekana historia nyingine ambayo haisimuliwi sana: jinsi watu waliosoma pamoja walivyoufanya mpira kuwa sababu ya kukutana, na jinsi kukutana kwao kulivyogeuka kuwa karo ya mtoto wa mtu mwingine. Ukiifuata historia hiyo mpaka mwisho, unafika kwenye vyuo vya kilimo, na hapo kuna kazi iliyobaki.

Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi kwenye kilima hiki Desemba 1890 akiwa na askari wa Kisudani na wapagazi wa Kiswahili kutoka pwani, kwa hiyo lugha yetu ilisikika hapa tangu siku za mwanzo za ngome. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipopigana, bunduki za ngomeni ziliamua nani ashinde. Baada ya moshi kutulia, ushindani haukufa, ulihamia madarasani. Wamisionari wa Mill Hill walianzisha Namilyango mwaka 1902. Mwaka 1906 Waanglikana wakafungua King's College Budo, na mwaka huo huo White Fathers wakaanzisha shule iliyokuja kuwa St. Mary's College Kisubi. Waislamu wa Kibuli, ambao serikali ya kikoloni iliwaweka nyuma kielimu, walipata sekondari yao katika miaka ya 1940 wakiongozwa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Anayetaka kuelewa kwa nini Mganda wa miaka 60 bado anajitambulisha kwa shule aliyosoma akiwa na miaka 14, aanze na vita vile vya 1892.

Mpira uliingia kupitia milango ya shule hizo za misheni. Mwaka 1924 kilipoundwa Chama cha Mpira cha Kampala, ambacho ndicho mzazi wa shirikisho la mpira la leo, FUFA, rais wake wa kwanza alikuwa mmisionari, William Pilkington. Miaka miwili baadaye Nakivubo ikawa na uwanja, katika ardhi iliyotolewa na Kabaka Daudi Chwa, na mwaka huo huo wa 1926 Uganda na Kenya zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Mwaka 1950 Buganda ikaanzisha mashindano ya koo, yale ya Bika, ambayo mpaka leo hujaza uwanja kwa watu ambao hawana timu nyingine wanayoishabikia. Na mwaka 1956 timu ya Uganda ilizuru Uingereza ikicheza pekupeku mbele ya Waingereza waliopigwa na butwaa. Tangu mwanzo, basi, mpira wa Kampala ulikuwa na mwenyewe: dhehebu, ukoo, shule au mfanyabiashara. Hata Bodi ya Kahawa ilikuwa na timu yake, Coffee, iliyotamba Nakivubo enzi zake. Kahawa ya mkulima wa Masaka ilinunua jezi za wachezaji wa mjini, na sidhani kama mkulima huyo aliulizwa.

Tukumbuke pia kwamba jembe na shule vilitoka kwenye kilima kimoja. Uganda Company, iliyoanzishwa mwaka 1903, ilizaliwa kutoka kitengo cha ufundi cha misheni ya Namirembe. Mtu wake, Kristen Borup, ndiye aliyeagiza mbegu za pamba na kuzigawa kwa machifu, na marobota 54 ya kwanza yakauzwa nje. Katika miaka michache pamba ikawa ndiyo uchumi wa Uganda. Wazazi waliotaka mtoto asome walilima pamba, kisha kahawa, na msimu ukiharibika mtoto alirudi nyumbani. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza watu wa kizazi hicho uhusiano wa shamba na karo. Ajabu ni kwamba shule zile zile zilizolipiwa na jembe zilimfundisha kijana alikimbie jembe. Kalamu ilikuwa ya ofisini na jembe lilikuwa la adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa alipewa eneo la kulima. Wengi wetu tuliosoma katika mfumo huo tunalijua hilo vizuri.

Upande wa pili wa dunia, mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyoyapa majimbo ya Marekani ardhi ya kuuza ili fedha zake zianzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Chuo cha Kilimo cha West Virginia kilianza mwaka 1867. Chuo cha Kilimo na Ufundi cha Ohio kilianza mwaka 1870. Vyote viwili leo ni vyuo vikuu vikubwa, na mtu asiyejua asili yao hawezi kudhani kwamba vilianzia kwenye ng'ombe na mahindi. Watoto wa wakulima waliosoma huko waliendelea kurudi, na kilichowarudisha zaidi ni mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Kila Jumamosi ya msimu, kuanzia Septemba, familia hufika uwanjani saa nyingi kabla ya mchezo, hufungua mlango wa nyuma wa gari, huwasha jiko la mkaa, huchoma nyama na kukaribisha wapita njia. Wahitimu wa vitivo vya kilimo wana mahema yao. Hapo hapo hupigwa mnada wa vitu vilivyotolewa bure, na kinachopatikana huenda kwenye mfuko wa kuwasomesha vijana wanaofuata.

Mfano wa Ohio unanigusa kuliko mingine yote. Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1922, mwaka ule ule ambao Makerere ilianza kama chuo cha ufundi chenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Ulijengwa kwa michango, wahitimu wakiwa mstari wa mbele. Kisha ikaja dhiki kuu ya uchumi, na mwaka 1933, ndani ya mnara mmoja wa uwanja huo, likafunguliwa bweni la vijana wenye akili wasiokuwa na fedha. Walilala chini ya majukwaa, wakalipa kidogo na kufanya kazi za bweni kwa zamu. Kwa miongo kadhaa uwanja wa mpira ulikuwa kwa maana halisi nyumba ya wanafunzi maskini. Sijui kama kuna jengo jingine duniani linaloeleza vizuri zaidi mpira unaweza kufanya nini.

Vyuo hivi si vigeni kwetu. Katika miaka ya 1960, West Virginia ilileta wataalamu wake Uganda na Kenya kwa mkataba na serikali ya Marekani, kuimarisha mafunzo ya kilimo. Katika miaka ya 1980, vita vilipokuwa vimeiacha Makerere ikiwa hoi, Ohio ilishirikiana na Kitivo cha Kilimo katika kuwasomesha walimu wake upya. Waganda waliopata nafasi ya kwenda huko walirudi na shahada, na baadhi yao walirudi pia na kumbukumbu ya zile Jumamosi. Old Kampala nayo ina sehemu yake katika safari hizo. Mahmood Mamdani, aliyesoma Sekondari ya Old Kampala, alikuwa mmoja wa Waganda 23 waliopata ufadhili wa kwenda Marekani mwaka 1963. Hakwenda kusomea kilimo, lakini kitabu chake kilichotoka mwaka 1976 kinahusu siasa na matabaka ya Uganda, na mtu hawezi kuandika juu ya matabaka ya Uganda bila kuandika juu ya pamba. Ufadhili mmoja wa masomo ulitupa yote hayo.

Baadaye mambo yaliharibika haraka. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90, na madarasa ya Old Kampala yaliyokuwa yamejaa watoto wao yakapungua ghafla. Wanafunzi wa kilima hiki wametawanyika Leicester, London, Toronto na Vancouver. Kati ya mwaka 1981 na 1986 vita vya Luweero vilipita juu ya eneo lile lile lilipo Bukalasa, chuo kikongwe cha kilimo kilichoanza kama kituo cha majaribio wakati wa ukoloni. Kisha serikali ikaanza kupunguza ilichokuwa ikimlipia mwanafunzi. Desemba 1990 wanafunzi wa Makerere waliandamana kupinga kuondolewa posho zao, na wawili wakauawa kwa risasi za polisi. Kuanzia hapo karo ilirudi kwenye mabega ya mzazi, na jamii za waliosoma pamoja zikapata kazi mpya.

Kazi hiyo imepata sura yake kamili katika ligi za wahitimu. Waliosoma Kisubi wana SMACK League na waliosoma Budo wana ligi yao. Timu hupangwa kwa mwaka wa kumaliza shule, kwa hiyo mawakili, madaktari na wafanyabiashara wenye vitambi hujikuta wakikabana na wadogo zao wa shule wenye mapafu mazima. Wake na waume huja, watoto hukimbizana kando ya uwanja, nyama ya muchomo na ndizi za gonja huwa juu ya mkaa, na muziki haukatiki. Kati ya mchezo na mchezo hutangazwa kwamba kuna bweni linalohitaji paa, kuna mwenzetu amelazwa, kuna kijana amefaulu na hana karo. Mtu aliyefunga goli akiwa na miaka 45 mbele ya watoto wake hana mkono mgumu siku hiyo. Waganda wa Marekani nao hufanya jambo linalofanana na hili kwenye mkutano wa kila mwaka wa UNAA, chama chao kilichoanza mwaka 1988, ambao huangukia mwanzo wa Septemba, msimu ule ule wa moshi wa nyama katika viwanja vya Ohio na West Virginia.

Ligi zinazovuma Kampala, hata hivyo, ni za sekondari zenye jina, na hilo lina maana. Anayesaidiwa na mfuko wa shule kubwa ni mtoto ambaye tayari amefika shule kubwa. Bukalasa iliyoko Luweero na Arapai iliyoko Soroti, ambayo sasa ni tawi la Chuo Kikuu cha Busitema kilichoanzishwa mwaka 2007, huchukua vijana wa aina nyingine: watoto wa wakulima wadogo waliokosa alama chache, wanaosomea cheti au stashahada, na wanaorudi nyumbani karo ikikatika katikati ya muhula. Mikopo ya serikali iliyoanza mwaka 2014 imesaidia wengi, lakini haiwafikii wote wanaoomba.

Wahitimu wa kilimo wako wapi? Wengi wako hapa hapa, chini ya kilima. Teremka kutoka msikitini kuelekea Nakivubo uingie Container Village, kwenye maduka ya pembejeo. Kwenye rafu kuna mbegu za mahindi za Longe, zilizotoka kituo cha utafiti cha Namulonge, kuna dawa za kupe, kuna mabomba ya kupulizia, kuna vyakula vya kuku kwa gunia. Nyuma ya kaunta yupo mtu anayemuuliza mteja maswali kabla ya kumuuzia: majani yamegeuka rangi gani, yameanzia juu au chini, jirani yako naye ana tatizo hilo? Huyo hakusoma udaktari wala sheria. Alisoma kilimo, na kila siku wakulima kutoka Mukono, Mpigi na Luweero wanafunga safari kuja kumsikiliza. Pamoja na maafisa ugani, mameneja wa mashamba na watafiti wa serikali, ni kundi kubwa na lina uwezo wake. Vyuo vya Marekani vilijua thamani ya kundi la namna hiyo tangu zamani, ndiyo maana vikaliwekea siku, mahali na chakula.

Kwenu, basi, wahitimu wa Bukalasa, wa Arapai na wa Kabanyolo, shamba la Makerere, mlioko Kampala. Mpira mnao, kwa sababu hakuna chuo cha Uganda kisichokuwa na mpira. Chakula ni chenu kuliko mtu mwingine yeyote mjini: nyama, ndizi, mihogo, kuku, samaki wa kufuga. Hata mnada mngeupiga kwa namna yenu, kwa mfuko wa mbegu, mtamba mmoja au trei za mayai, na watu wa mjini wangenunua. Chagueni Jumamosi moja baada ya mavuno ya msimu wa kwanza, pangeni timu kwa miaka ya kuhitimu, na kabla ya filimbi ya kwanza tajeni hadharani jina la chuo na idadi ya wanafunzi mtakaowalipia mwaka huo. Hata akiwa mmoja, atamaliza stashahada yake na kurudi kwenye wilaya ambayo pengine inamsubiri afisa ugani wake.