Kiswahili ndani ya ordinatere: kazi iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2004

Leo ninaleta historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu alikitumia siku ya kuchapa TFC yake: programu ya kuandikia. Najua wengine watasema hiyo si historia, ni mambo ya watu wa informatiki. Subirini kidogo.

Ingia seketariati yoyote ya hapa Kasuku ao Mikelenge, umpe yule anayechapa karatasi ya Kiswahili: mwaliko wa ndoa, programu ya matanga, tangazo la kanisa. Akianza tu kuandika, skrini inajaa mistari myekundu. "Tunawaalika" ni kosa. "Marehemu" ni kosa. Hata "asante" ni kosa. Mashine inangoja Kifaransa, na kila neno letu inaliona kama Kifaransa kilichoharibika. Wanaochapa wamezoea, hawaoni tena ile rangi nyekundu. Mimi iliniudhi, njo nikaanza kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kuifundisha mashine lugha hii. Yuko, na ni zamani. Desemba 2004, wakati wengi wetu tulikuwa bado wadogo na nchi ilikuwa inatoka katika vita, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Iliitwa Jambo OpenOffice.

Ili tuelewe namna gani waliweza, lazima turudi nyuma mpaka kwenye printa moja, ile sisi huku tunaita emprimante.

Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya MIT, kule Marekani, ilipewa na kampuni ya Xerox printa mpya ya leza. Ilikuwa nzuri lakini karatasi zilikwama kila mara, na ilikuwa kwenye ghorofa nyingine. Unatuma kazi, unangoja, unapanda kuichukua, unakuta hakuna kitu kilichotoka. Kijana mmoja wa pale, Richard Stallman, alikuwa na dawa tayari. Kwa printa ya zamani alikuwa ameongeza kipande cha programu: karatasi ikikwama, wote wanaongoja kazi zao wanapata ujumbe. Kwa ile mpya hakuweza, sababu Xerox hawakutoa msimbo wake. Msimbo ni yale maandishi ya asili ya programu. Ni kama kujua namna sombe ilivyopikwa, ukijua unaweza kupunguza chumvi. Mtu mmoja wa chuo cha Carnegie Mellon alikuwa nao. Stallman akamwomba, yule akakataa: alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutouonyesha. Tarehe 27 Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza programu ambazo kila mtu ana haki ya kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Hasira yake ilikuwa na sababu nyingi, lakini yeye mwenyewe ile ya printa anaisimulia mpaka leo.

Hizo njo tunaita programu huria. Wengi wetu tunadhani uzuri wake ni bei, kwamba ni ya bure. Hapa Kindu hiyo haimshangazi mtu: Word yenyewe tunaitumia ya bure, ile ya kukrak, tunapeana kwa flashi. Tofauti iko kwingine. Word ya kukrak unaweza kuitumia, lakini huwezi kuigeuza iseme Kiswahili mpaka wenyewe waamue. Programu huria hungoji ruhusa ya mtu.

Sasa turudi Dar es Salaam. Kampuni ya Ujerumani, StarDivision, ilikuwa na programu ya ofisi iitwayo StarOffice. Mwaka 1999 Sun ya Marekani iliinunua, na mwaka 2000 ikafungua msimbo wake. Toleo la 1.0 la OpenOffice.org lilitoka mwaka 2002. Walimu na wanafunzi wa Dar es Salaam wakishirikiana na kampuni ndogo ya Uswidi, IT+46, wakaanzisha mradi wa Kilinux. Walianza na maneno kwanza, wakatengeneza faharasa ya istilahi. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Kuchapa, kuhifadhi, kufuta, hayo hayana shida. Lakini kile kitufe kinachorudisha nyuma tendo lako la mwisho, ukiite nini? Leo tunasoma "tendua" kwenye simu na tunaelewa mara moja, tunasahau kwamba kuna watu waliokaa mezani wakabishana mpaka neno likapatikana. Mwaka huohuo wa 2004 Microsoft nao walitangaza mpango wao wa Kiswahili, kwa hiyo lugha iliyokuwa haina programu hata moja ya ofisi ikajikuta inabembelezwa pande mbili.

Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1.3. Shikeni hiyo namba. Toleo hilo lilitoka Oktoba 2004. Watu wa Kilinux wakalitafsiri, wakalizindua Desemba. Kabla Desemba haijaisha, OpenOffice.org ikatoa 1.1.4. Septemba 2005 ikaja 1.1.5. Oktoba 2005 ikaja 2.0, yenye menyu mpya, sehemu mpya, na hata aina mpya ya faili, ile ya ODF ambayo mwaka 2006 ilikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa ya ISO. Kila badiliko linaleta maneno mapya kwa Kiingereza, na kila neno jipya linangoja mtu wa kulitafsiri. Programu yenyewe haisubiri. Ukisimama miezi 10, nusu ya menyu inaongea Kiswahili na nusu Kiingereza, na mtumiaji anachoka anairudisha yote kwenye lugha ya mzungu.

Hapo njo ninaona jambo ambalo historia za kompyuta hazisemi sana. Uzinduzi unapata picha, hotuba, wageni wa heshima. Matoleo yanayofuata hayapati kitu. Mfadhili anapenda kulipa siku ya kwanza. Siku ya 900, wakati kuna vipande 2,000 vya maneno mapya na hakuna anayetazama, huyo mfadhili haonekani. Sisi watu wa Maniema tunalijua hilo hata bila kompyuta. Hesabuni mapompe ya maji yaliyokatiwa utepe, kisha mhesabu yanayotoa maji.

Afrika Kusini walichukua njia nyingine. Mwaka 2001 Dwayne Bailey alianzisha shirika la Translate.org.za, na mbali na kutafsiri OpenOffice kwa lugha rasmi 11 ambazo nchi yao ilikuwa nazo wakati ule, walitengeneza vyombo vya kutafsiria. Kimoja, Pootle, kilimruhusu mtu kutafsiri neno moja moja kupitia intaneti, bila kuwa fundi wa programu. Chombo hicho cha Kiafrika kikaja kutumiwa na watafsiri wa OpenOffice na LibreOffice wa dunia nzima. Mimi hapo ninawapigia makofi: walielewa mapema kwamba kazi haitaisha, wakatengeneza jembe kabla ya kulima.

Kisha ukaja mgawanyiko. Januari 2010 kampuni ya Oracle ilimaliza kuinunua Sun, na watu waliokuwa wanaijenga OpenOffice wakaogopa. Tarehe 28 Septemba 2010 wakatoka, wakaunda taasisi yao, The Document Foundation, na programu wakaipa jina la LibreOffice. Msimbo walibeba wote, hakuna aliyewazuia, sababu leseni iliruhusu. Mwaka 2011 Oracle ikaitoa OpenOffice kwa taasisi ya Apache. Tangu hapo LibreOffice ndiyo inayokimbia, matoleo makubwa mawili kwa mwaka. Kuanzia 2024 wameacha namba za zamani, wanaandika mwaka na mwezi: 24.2, 24.8. Jina la OpenOffice bado linajulikana zaidi huku kwetu, lakini ukitaka kitu kinachotunzwa, chukua LibreOffice.

Kuna mzee mmoja aliyekataa mbio hizi kabisa, na nchi kama yetu ingemsikiliza. Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za kitabu chake cha hesabu na kompyuta, akaona herufi zimekuwa mbaya kuliko za toleo la zamani. Akaanza kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, TeX. Baada ya toleo la 3 akasema basi, hataongeza kitu, atarekebisha makosa tu. Kila akirekebisha, namba ya toleo inasogea karibu na pi: 3.14, 3.141, na kuendelea. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa namba iwe pi yenyewe, na makosa yatakayobaki yahesabiwe kuwa sehemu ya programu. Juu yake watu wengine wanajenga mambo mapya kila mwaka, lakini mzizi haugusi mtu. Ukurasa uliopangwa kwa TeX mwaka 1990 leo unakatika mistari palepale.

Nani kati yetu anaweza kusema hivyo juu ya TFC yake? Mwaka jana nilikuwa na rafiki wakati wa kuchapa kazi yake. Aliiandika nyumbani, kurasa 78. Seketariati walifungua flashi kwenye mashine ya zamani, zikawa 83, majedwali yamekatika katikati, yaliyomo yanaonyesha namba za uongo. Alilipa kurasa za kuongeza na grupu ilikuwa inakula esansi. Wote wakasema ni virusi.

Si virusi. Kila fonti ina vipimo vyake, upana wa kila herufi. Mashine ikikosa fonti uliyoandikia, inachukua nyingine, herufi zinapanuka kidogo sana, mstari unasukuma mstari, ukurasa unasukuma ukurasa. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti huria za Liberation, zilizopimwa zilingane upana na Times New Roman, Arial na Courier New. Sura si ileile, lakini upana ni uleule, kwa hiyo mstari haukimbii. Baadaye Carlito ikafanya hivyo kwa Calibri, na LibreOffice ikaanza kuja nazo ndani. Lakini hizo zimo kwenye matoleo mapya. Toleo la zamani halinazo. Na toleo jipya ni zaidi ya megabaiti 300. Kwa yule anayenunua mega kidogo kidogo kwenye simu, hiyo ni pesa ya chakula. Basi fanyeni hivi: mkimaliza kazi, hifadhini nakala ya PDF, njo hiyo mpeleke kuchapa. Ndani ya PDF fonti husafiri pamoja na maneno.

Nirudi kwenye Kiswahili, sababu kuna swali linalonisumbua. Tuseme menyu za Dar es Salaam zinafika leo kwenye mashine zote za Kindu. Mama anayechapa karibu na kivuko cha Alunguli anasema "imprime" na "anregistre". Ataona "chapisha" na "hifadhi". Atasema hicho ni Kiswahili cha Tanzania. Ana haki. Katiba yetu ya 2006 inaitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini haisemi kipi, na masomo yetu mengi ni Kifaransa.

Hii si mara ya kwanza maneno ya Kiswahili yanayotuhusu kupangwa mbali na sisi. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa aliyekaa Kasongo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akaziandika upya kwa herufi za Kirumi, na zikachapwa Berlin kuanzia 1902. Nyangwe, Kasongo, mto wetu, vyote vimo. Wale waliouzwa hawakuandikiwa kitabu. Kwa hiyo nikisikia kwamba lugha ndani ya mashine ni jambo dogo, ninauliza nani anapanga herufi.

Lakini mimi siko upande wa wale wanaokataa "chapisha" eti si yetu. Neno ni la anayelitumia, na sisi tungeweza kuleta yetu. Leo tafsiri za LibreOffice zinafanywa kwenye mtandao, kwa chombo kiitwacho Weblate, neno moja moja, na yeyote anaweza kujiandikisha. Hata kamusi inayoondoa ile mistari myekundu, ndani yake ni orodha ya maneno katika faili la kawaida la maandishi pamoja na kanuni chache za viambishi. Haitaki diploma ya informatiki, inataka mtu anayejua kwamba "tunawaalika" na "mtualike" ni mzizi mmoja. Kwenye ukurasa huu kuna walisansi wa lugha wasiopungua kumi ninaowajua mwenyewe.

Mimi nina LibreOffice mpya kwenye flashi, pamoja na fonti za Liberation. Anayetaka aje Mikelenge na flashi yake, saa ya umeme.