Maradhi sugu huzidisha makali ya virusi vya mafua
KATIKA mtaa wa Kaloleni, Nairobi, uliojengwa miaka ya 1940, virusi vilevile vya homa ya mafua huweza kumlaza jirani mmoja siku chache nyumbani na kumfikisha mwenzake hospitalini. Tofauti mara nyingi ni maradhi sugu.

Kisukari hudhoofisha kinga ya mwili. Pumu hubana njia za hewa. Nao moyo wenye maradhi huelemewa homa inapopanda. Hayo yalidhihirika Kenya ilipokumbwa na Covid-19 mnamo Machi 2020: wenye kisukari na shinikizo la damu walikuwa miongoni mwa waliozidiwa zaidi.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza wagonjwa hao wachanjwe dhidi ya homa ya mafua kila mwaka. Wasikatize dawa zao. Na pumzi ikianza kuwapaa, wafikishwe hospitalini bila kukawia.